Habari za Ugonjwa wa Kuoza, wa Madungusi na wa Mwani



Kila mwaka masika yanapokwisha hutujia swali moja, na mwaka huu limetujia mara nyingi kuliko desturi. Hapa Mlingotini na katika vijiji vya jirani wako akina mama wengi wapandao madungusi vibarazani, katika makopo ya rangi, vyungu vilivyopasuka na ndoo zisizo na mishikio. Mengine ni mapambo ya nyumba tu. Mengine huuzwa kwa wageni wajao kutazama bahari, au hupelekwa Dar es Salaam kwa wale wauzao miche kando ya njia ya Bagamoyo. Fedha yake si nyingi, lakini hununua madaftari na sabuni, na mwenye kuijua kazi hii haidharau. Basi mvua ikisha kupita, mmea uliokuwa mgumu kama ngumi huanza kulainika, ukanuka, ukaanguka, na mwenyewe asijue sababu.

"Shikamoo, Mwalimu," alituambia mama mmoja aliyetuletea dungusi lake ndani ya ungo. "Hebu tazama. Juzi nililishika likanichoma. Leo nimelishika, mkono umezama."

"Marahaba, mama," tukamjibu, tukalipasua kwa kisu mbele yake. Ngozi ilikuwa nzima, ya kijani, na miiba yote mahali pake. Lakini ndani mlikuwa uji wa rangi ya kahawia, wenye harufu kama ya samaki aliyelala. Mama yule alisogea nyuma, akaziba pua kwa upande wa kanga.

Habari hii tutaieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu ugonjwa huu haukai vibarazani tu. Una ndugu yake baharini, naye ndiye aumizaye nyumba nyingi zaidi. Lakini tuanze na dungusi.

Dungusi si mmea wa kwetu. Jamaa yake yote asili yake ni Amerika, toka Kanada mpaka karibu na ncha ya kusini, ila mmoja tu, ambao wataalamu huuita Rhipsalis. Huo huota pia katika misitu ya Afrika, na Bukini, na Sri Lanka, ukining'inia matawini mwa miti kama kamba, bila miiba ya kutisha. Hata mpungate, ambao wazee wengi hudhani ni wa tangu na tangu, ulitoka ng'ambo. Mnyaa nao, ijapokuwa watu wa mjini huuchanganya na dungusi, si jamaa yake: ukikatwa hutoa maziwa meupe yaharibuyo macho, na hali madungusi mengi hutoa maji mazito tu. Padre Charles Sacleux, aliyefanya kazi Bagamoyo na Unguja katika karne ya 19, alikuwa mjuzi wa mimea na wa lugha pamoja, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kupigwa chapa Paris mwaka 1939. Siku hizi tukiwauliza vijana majina ya miti iliyo kati ya nyumba zao na kisima, twapata matano au sita, kisha kimya. Walakini hayo tuyaache.

Siri ya dungusi ni maji. Katika nchi yake kavu hunywa mvua ya siku moja, likaiweka mwilini kwa miezi mingi, mfano wa mtungi uliojazwa na kufunikwa. Ndiyo sababu laweza kukaa barazani bila kunyweshwa na lisife. Na ndiyo sababu pia, kitu kibaya kikiingia ndani, hukuta chakula na maji tele, wala hakina haja ya kutoka.

Kitu hicho ni vijidudu viitwavyo bakteria. Ili kufahamu kazi yake, mtu na aende Kaole, mwendo mfupi kutoka kwetu, akatazame magofu ya misikiti na makaburi ya kale. Kuta zile ni mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa. Chukua chokaa yote uiyeyushe, ukayaache mawe: hakuna jiwe hata moja lililoibiwa, lakini ukuta haupo tena, ni rundo. Mwili wa mmea nao umejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na chokaa yake huitwa pektini. Vijidudu hivi hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha pektini. Vyumba huachana, hupasuka, maji yaliyomo humwagika, na hayo ndiyo chakula chao. Ngozi ya nje ya dungusi ni ngumu, ina nta, nayo hukawia kuyeyuka. Kwa hiyo mwenye mmea hudanganyika akiona umesimama, kumbe umesimama ngozi tupu.

Mwaka 1901 mtaalamu L. R. Jones wa Vermont, Marekani, alieleza kijidudu kimoja cha namna hii alichokikuta katika karoti zilizooza. Jina lake limebadilishwa zaidi ya mara moja, na leo huitwa Pectobacterium carotovorum, na neno hilo la pili maana yake ni mla karoti. Lakini hakili karoti peke yake. Hula viazi, kabichi, vitunguu, nyanya na mimea mingine mingi yenye mwili wa maji. Aliyenunua viazi sokoni akaona kimoja kimetoa maji, na baada ya siku tatu vingine sita vimekifuata, amekwisha kuuona ugonjwa huu jikoni mwake. Viko na vijidudu vingine vya ukoo huo huo vishambuliavyo mishubiri, na kimoja kilichoelezwa mwaka 1991 kutoka katika madungusi ya Marekani, ambacho kiliitwa cacticida, yaani muua madungusi.

Tumeona tuyaandike haya kwa uwazi, kwa kuwa tumesikia maneno yasiyopendeza. Nyumba mbili zilizokuwa zikipeana moto na chumvi zimeacha kusalimiana, kwa sababu mimea ya mmoja ilioza siku chache baada ya mwingine kuisifu. Ati ni kijicho. Sisi twawaomba wenye dhana hiyo wafanye jambo moja jepesi. Chukueni kiazi mviringo kizima, mkioshe, mkikate vipande viwili kwa kisu kilichopitishwa motoni. Kipande kimoja pakeni uoza wa dungusi, kadiri ya ncha ya kijiti. Cha pili pakeni maji yaliyochemshwa na kupoa. Viwekeni katika sahani mbili mbalimbali, mvifunike, na sahani hizo zisiguswe na mtoto wala kuku. Baada ya siku mbili au tatu tazameni. Kile cha kwanza, kikiwa kimepata vijidudu hivi, kitakuwa kimelainika na kunuka palipopakwa. Na kiazi hakikusifiwa na mtu. Kisha vitupeni vyote viwili, mkaoshe sahani na mikono kwa sabuni.

Swali lifuatalo ni hili: vijidudu hivi huingia kwa mlango gani? Vimo udongoni, vimo majini, tena vimo katika majani yaliyooza. Havina haja ya kuletwa na mtu. Lakini ngozi nzima na kavu ya dungusi havipenyi kwa urahisi. Huingia penye jeraha: mtoto alipopiga kwa fimbo, konokono alipokula, tawi lilipokatwa kwa kisu kilichotoka kukata mmea mgonjwa, au mizizi ilipozama majini mpaka ikafa. Tena vyapenda joto na unyevu, na pwani yetu wakati wa masika inavyo vyote viwili bila kipimo. Inzi na wadudu wengine hutua penye uoza, kisha wakatua penye jeraha jipya, wakabeba walichobeba. Mkonge nao huoza shina kwa njia ya majeraha ya majani yaliyokatwa, ila huko mharibifu ni kuvu, si bakteria. Twalitaja hilo kwa ajili ya wale waliofanya kazi mashambani, wasije wakadhani ni kitu kimoja.

Liko jambo lililotokea Arizona, Marekani, ambalo lafaa kufikiriwa. Huko kuna dungusi kubwa liitwalo saguaro, ambalo laweza kupita mita 12 kwa kimo. Kiasi cha mwaka 1940 watu walishtuka kuona majitu yale yakitoka maji meusi na kuanguka. Wataalamu wakakuta bakteria ndani yake, wakakipa kijidudu kile jina mwaka 1942. Walijaribu hata kuyakata madungusi magonjwa na kuyazika, ili kuyaponya yaliyobaki. Baadaye uchunguzi mrefu ulionyesha kwamba muuaji mkubwa alikuwa baridi kali ya usiku, ambayo huumiza mwili wa mmea. Vijidudu hufuata nyuma, vikala kilichokwisha kuumizwa. Twaomba msomaji aliweke neno hili akilini mpaka tutakapofika baharini.

Sasa, dawa. Dawa ya kunyunyiza iponyayo dungusi lililooza ndani hakuna. Wako watu wavunjao vidonge vya hospitali na kumimina unga wake katika udongo. Kazi hiyo haifai hata kidogo: mmea hauponi, fedha imepotea, na vijidudu vya udongoni hujifunza kuizoea dawa ambayo kesho mtoto ataihitaji. Salfa ile ipuliziwayo mikorosho husaidia kuzuia kuvu juu ya jeraha, lakini si dawa ya bakteria waliomo ndani.

Lililo la hakika ni kisu. Ukiona doa lenye maji, limekuwa kama limepikwa, nalo linakua kila siku, usingoje. Doa kavu na gumu, la rangi ya gome, lililoanzia chini katika dungusi la miaka mingi, mara nyingi ni uzee tu, uliache. Doa jeupe kavu upande wa jua ni kuungua. Lakini doa bichi, laini, lenye harufu, ni ugonjwa. Lishike dungusi kwa gazeti lililokunjwa, ulikate juu ya palipooza, kwa kisu kikali kilichooshwa kwa sabuni na kupitishwa motoni au kufutwa kwa spiriti. Tazama nyama yake. Ukiona hata uzi mmoja wa rangi ya kahawia katikati, safisha kisu tena ukakate juu zaidi, na tena, mpaka nyama iwe safi yote. Watu wengi huona uchungu hapa, huacha kipande kidogo cha kahawia kwa huruma, na baada ya juma moja wamepoteza kilichobaki. Kipande kilichopona kiweke kivulini penye upepo, pasipo mvua, siku 7 hadi 14, hata jeraha lifanye ngozi kavu. Kisha ukipande katika mchanga mkavu, wala usikipe maji mpaka juma lipite. Kilichooza kizike mbali au kichome. Udongo wake usiutumie tena, na kopo lisuguliwe kwa sabuni na maji ya jiki.

Na katika kupanda, tafadhali msichukue mchanga wa ufukoni, ijapokuwa uko mlangoni. Una chumvi. Chukueni mchanga mnene wa mtoni, mchanganye na kokoto ndogo au vifuu vilivyopondwa, na mboji kidogo tu. Kopo litobolewe chini, si tundu moja bali manne au matano. Maji yatiwe asubuhi, udongoni, si kichwani, tena baada ya udongo kukauka kabisa. Masika yakianza, makopo yaingizwe barazani, wala yasiwekwe pale makuti yanapodondoshea maji, maana hapo ndipo tulipoyaona yaliyooza karibu yote.

Haya, twende baharini.

Akina mama wengi wa Mlingotini hulima mwani. Wasomaji wetu wa bara hawakuiona kazi hii, basi tuwaambie: maji yakitoka, hupigwa vigingi mchangani, hufungwa kamba toka kigingi hata kigingi, na juu ya kamba hufungwa vipande vya mwani kwa vikamba vidogo viitwavyo taitai. Baada ya majuma sita hivi mwani umekua, huvunwa, huanikwa, huuzwa. Ndani yake mna kitu kama utomvu mzito, kiitwacho karajinani, ambacho viwandani hutiwa katika dawa za meno, vyakula vya maziwa na vitu vingine vingi. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichunguza mwani wa pwani yetu na kuhimiza ukulima wake miaka mingi kabla ya biashara kuanza; na kilimo cha kuuza kilianza Unguja, pwani ya mashariki, mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Mbegu ni mbili: spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri. Nayo ndiyo iozayo.

Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 kotonii imekuwa ikifa katika mahali pengi pa pwani yetu na visiwani, na sehemu kubwa sana ya mwani uvunwao Tanzania sasa ni spinosamu, ambayo huvumilia zaidi lakini hulipa kidogo. Ugonjwa wenyewe hauna kificho. Mwani hupoteza rangi, tawi huwa jeupe na kung'aa, hulainika, kisha hukatika palipo peupe, na sehemu yote iliyo mbele yake huchukuliwa na maji. Wakulima wa Ufilipino, waliouona zamani, waliupa jina lenye maana ya barafu, kwa weupe ule. Mama aliyefunga kamba hamsini aweza kurudi bamvua lifuatalo akakuta taitai zimeshika vishina tu. Hapo huwa amekwisha kukopa unga dukani kwa tamaa ya mavuno.

Hapa ndipo tulipotaka msomaji akumbuke yale majitu ya Arizona. Mwaka 1995 Danilo Largo na wenzake walionyesha kwamba bakteria waliokusanyika juu ya mwani ulio dhaifu huharakisha ugonjwa huu. Lakini mwani wenye afya, katika maji yaufaayo, hukaa na bakteria hao hao bila kudhurika sana. Kitangulizi ni shida nyingine: maji yaliyopata joto la nyuzi 33 hadi 35 za Sentigredi, au chumvi iliyopungua hata sehemu 20 katika 1000, na hali bahari ya kawaida ina 35 hivi, au mwanga kuwa hafifu kwa sababu ya tope. Mwenye kuijua ghuba yetu ataona mara moja kwamba hayo yote hutupata. Wakati wa kaskazi maji ya bamvua hutoka sana jua likiwa limekwisha kupanda, na kidimbwi kilichobaki juu ya mchanga huwa cha moto hata mguu huhisi. Wakati wa masika maji ya mvua hushuka kwa wingi kutoka nchi kavu, yakaondoa chumvi, yakaleta tope.

Kwa hiyo kumwaga dawa baharini ni kazi bure. Ijapokuwa ingekuwapo, wimbi moja lingeichukua. Yafaayo ni machache. Mbegu ichaguliwe katika mwani mgumu, wenye rangi yake kamili, toka ncha changa, wala isikatwe kamwe katika tawi lililoanza kuwa jeupe. Hili ni lile lile la kisu na uzi wa kahawia. Kamba zisibanane. Weupe ukionekana, mwani uliobaki mzima uvunwe upesi, hata kama siku zake hazijatimia, maana uzito mdogo uliokaushwa ni bora kuliko mzito uliochukuliwa na maji. Uliooza uletwe pwani juu ya alama ya maji makuu, usiachwe ukielea kati ya kamba za jirani.

Njia iliyo imara zaidi ni kuhamia maji ya kina, kwa kamba zinazoelea zilizoshikwa na nanga na maboya, ambako joto halipandi kama kule mchangani. Imekwisha kujaribiwa Unguja na hata katika pwani yetu ya Bagamoyo, na kotonii imeonekana kustawi huko kuliko katika vigingi. Lakini kwenda maji ya kina kwahitaji chombo, na kwahitaji kuogelea. Akina mama wengi wa huku hawakufundishwa kuogelea, kwa kuwa zamani ilihesabiwa si adabu. Na vyombo ni vya wanaume. Tumewasikia waume wakiuliza kwa nini fedha ya mwani imepungua, na ngalawa zao zimelala juu ya mchanga toka saa nne mpaka jioni. Swali hilo sisi twalirudisha kwao. Mtu aweza kumpeleka mkewe na wenzake kwenye kamba zao mara mbili kwa juma, na uvuvi wake usipungukiwe na kitu. Binti naye aweza kufundishwa kuogelea na shangazi yake katika maji ya kiuno, kwa mavazi ya heshima, wala hatujui sheria ikatazayo.

Bamvua lijalo, watakaokwenda kufunga mbegu mpya na watazame kwanza rangi ya ncha, asubuhi, kabla jua halijawa kali, kwa kuwa mwani uliokaa ufukoni juani nusu saa huwa umekwisha kuumia kabla ya kufungwa. Ufunikeni kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari, si ya kisima, mkaufunge siku ile ile.